Beryl Markham

Beryl Markham (jina la kuzaliwa: Beryl Clutterbuck, 26 Oktoba 1902 – 3 Agosti 1986) alikuwa rubani, mfundishaji wa farasi wa mashindano na mwandishi aliyezaliwa Uingereza na kukulia nchini Kenya. Mwezi Septemba 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege peke yake, bila kutua njiani, kutoka mashariki kwenda magharibi. Alikuwa pia mtu wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua. Safari hiyo iliishia katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, baada ya injini kukosa mafuta ingawa tangi la mwisho lilikuwa halijakauka. Kwa sababu hiyo jina lake hutajwa katika historia ya anga na pia katika mazungumzo kuhusu ajali za ndege ndogo na upangaji wa mafuta.

## Utoto

Beryl alizaliwa katika kijiji cha Ashwell, wilaya ya Rutland, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfundishaji wa farasi. Mama yake aliitwa Clara. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi familia ilihamia Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, nchi inayoitwa sasa Kenya, na baba akaanzisha shamba Njoro, katika Bonde la Ufa. Haukupita muda mrefu mama alirudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl. Binti alibaki na baba.

Kwa hiyo alilelewa zaidi na watu wa shambani kuliko na wazazi. Alicheza na watoto wa Wanandi na Wakipsigi, akajifunza Kiswahili na lugha zao, akaenda porini na wanaume kuwinda kwa mkuki, jambo ambalo wasichana wa jamii hizo wenyewe hawakuruhusiwa. Mmoja wa waliomfundisha kuwinda aliitwa arap Maina, ambaye alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwana wa arap Maina, aliyeitwa Kibii utotoni na arap Ruta baada ya kuingia utu uzima, alikuwa rafiki yake wa kucheza. Baadaye alifanya kazi naye kwa miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi, kisha kwenye ndege. Urafiki huo haukufuta sheria za kikoloni: waliokuwa sawa wakiwa watoto walikuja kuwa bwana na mtumishi walipokuwa watu wazima.

Akiwa bado mtoto alishambuliwa na simba wa kufugwa wa jirani mmoja wa baba yake, akapona. Masomo ya darasani aliyapata kidogo tu.

## Farasi

Mnamo 1919 aliolewa mara ya kwanza na Jock Purves, mkulima na mwanajeshi wa zamani. Muda mfupi baadaye ukame na madeni vilimfilisi baba yake, ambaye aliuza shamba na kwenda Peru. Beryl alibaki Kenya. Akiwa bado hajatimiza umri wa miaka 20 alianza kufundisha farasi kwa kujitegemea, akawa mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni ya kazi hiyo. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio kubwa za St Leger mjini Nairobi.

Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, Mwingereza tajiri, na jina la mume huyu ndilo alilobaki nalo hadi kufa. Mtoto wao wa pekee, Gervase, alizaliwa 1929 na kulelewa Uingereza na familia ya baba yake. Ndoa yenyewe haikudumu.

## Kujifunza urubani

Beryl aliingia katika urubani wakati usafiri wa anga ulipokuwa unaanza Afrika Mashariki. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na mjane aliyeitwa Florence Kerr Wilson, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya barua na abiria kutoka London hadi Cape Town. Baada ya Nairobi ndege zake zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Mji mdogo wa reli katikati ya Tanganyika ukawa hivyo mahali pa kupumzika na kujaza mafuta kwa ndege za safari ndefu.

Njia hizo zilifuata mahali mafuta yalipopatikana. Petroli ilisafirishwa kwa reli, kwa lori au kwa vichwa vya wapagazi, ikiwa katika makopo ya bati ya galoni nne, sawa na lita 18 hivi. Makopo hayo ndiyo asili ya debe, kipimo ambacho bado kinatumika sokoni kupimia mahindi na mchele. Rubani aliyetua kwenye kiwanja cha mbali alimimina debe moja moja, mara nyingi akichuja mafuta kwa ngozi laini ili maji na kutu visiingie ndani ya tangi.

Ajali zilikuwa nyingi. Mwanzoni mwa 1931 rubani maarufu wa Ujerumani, Ernst Udet, aliyekuwa Afrika Mashariki kwa ajili ya filamu, alilazimika kutua nyikani kusini mwa Sudan pamoja na fundi wake. Campbell Black ndiye aliyewakuta na kuwaokoa.

Tarehe 14 Mei mwaka huo Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani aliyekuwa na uhusiano wa karibu na Beryl, alianguka mara baada ya kupaa kutoka Voi akiwa na ndege yake ya aina ya Gipsy Moth. Ndege iliwaka moto. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, ambaye hutajwa mara chache katika vitabu vinavyosimulia kifo hicho. Chanzo cha ajali hakikupata kuthibitishwa. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong. Beryl alieleza baadaye kwamba naye alikuwa amealikwa kwenda katika safari ile, lakini Campbell Black alimshauri asiende.

Msiba huo haukumrudisha nyuma. Katika mwaka huohuo wa 1931 alijifunza kurusha ndege chini ya Campbell Black, na mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza kwa ndege ndogo ya aina ya Avro Avian. Mwaka 1933 alipata leseni ya biashara, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya. Kwa leseni hiyo ilimpasa kujua pia ufundi wa injini, kwa kuwa rubani wa nyikani alikuwa fundi wake mwenyewe.

## Rubani wa kukodiwa

Hadi 1936 alipata riziki kwa kubeba barua, abiria na mizigo katika Kenya, Tanganyika, Sudan na Rhodesia. Kitabu chake kinaanza na safari ya usiku kutoka Nairobi hadi Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu karibu na Ziwa Viktoria upande wa Tanganyika, alikopeleka chupa ya oksijeni kwa mgonjwa. Kiwanja hakikuwa na taa za umeme. Alitua kwa kufuata mioto iliyowashwa chini. Baada ya safari hiyo alishiriki kumtafuta rubani mwenzake aliyepotea katika mbuga za Serengeti, akamkuta akiwa hai.

Alifanya pia kazi ya kutafuta makundi ya tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, akiwemo Bror Blixen, aliyekuwa mume wa mwandishi Karen Blixen. Kazi hiyo ililipa vizuri lakini ilikuwa ya hatari, maana ilihitaji kuruka chini juu ya msitu wa miiba ambapo hapakuwa na mahali pa kutua injini ikizima.

## Safari ya Atlantiki, 1936

### Ndege na mafuta yake

Mwaka 1936 John Carberry, mkulima na rubani aliyeishi Kenya, alikubali kumpa Beryl ndege mpya ya aina ya Percival Vega Gull ajaribu kuvuka Atlantiki. Sharti lilikuwa airudishe kwa wakati, kwa sababu Carberry aliitaka kwa mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Johannesburg mwaka huohuo. Ndege iliitwa The Messenger, maana yake Mjumbe, na ilikuwa na injini moja ya nguvu-farasi 200.

Kuruka kuelekea magharibi ni kugumu kuliko kuelekea mashariki, kwa kuwa katika sehemu ile ya Atlantiki pepo huvuma zaidi kutoka magharibi. Amelia Earhart wa Marekani alivuka peke yake mwaka 1932 akiwa na upepo nyuma yake. Mwaka huohuo Jim Mollison alivuka peke yake kuelekea magharibi, lakini alianzia Ireland, ambako njia ni fupi zaidi. Beryl alipanga kuanzia Uingereza yenyewe na kufika New York.

Kwa hiyo ndege ilifungwa matangi ya ziada ndani ya chumba cha abiria, hata ikaweza kubeba zaidi ya galoni 250 za Kiingereza, yaani zaidi ya lita 1,100. Uzito ulihesabiwa kwa makini: hakuchukua redio. Matangi ya ziada hayakuwa na vipimo vya kuonyesha mafuta yaliyobaki. Rubani alitakiwa kuacha kila tangi likauke kabisa, kisha afungue bomba la tangi lingine, hata kama injini ingezima kwa muda mfupi katikati. Kubadilisha mapema kungekuwa kuacha nyuma mafuta ambayo angeyahitaji mwisho wa safari.

### Usiku juu ya bahari

Aliondoka katika kiwanja cha jeshi la anga cha Abingdon tarehe 4 Septemba 1936, kabla kidogo ya saa 1 jioni. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na wengi walimshauri asubiri. Aliruka ndani ya mvua, mawingu na upepo wa mbisho karibu njia yote, akitazama vipimo na dira tu.

Usiku tangi moja lilipokauka, injini ilizima akiwa chini sana juu ya bahari. Alilazimika kulitafuta gizani bomba la tangi lililofuata huku ndege ikishuka. Injini iliwaka tena alipokuwa karibu kabisa na mawimbi.

Asubuhi alipita Newfoundland na kuelekea Nova Scotia, akikusudia kutua Sydney ili ajaze mafuta kabla ya kuendelea New York. Alikuwa kwenye tangi la mwisho. Karibu na Sydney injini ilianza kukohoa, ikashika, ikakohoa tena. Alipoona haitamfikisha kiwanjani alitafuta mahali pa kutua karibu na Baleine, kwenye kisiwa cha Cape Breton. Penye majani palipoonekana panafaa palikuwa kinamasi chenye mawe. Magurudumu yalizama, ndege ikachomeka pua kwenye matope. Beryl alijigonga kichwa na kupata jeraha la paji la uso. Alikuwa ameruka zaidi ya saa 20.

### Chanzo cha ajali

Baada ya ukaguzi ilielezwa kwamba barafu iliziba tundu la kuingizia hewa kwenye tangi la mwisho. Mafuta yanapotoka katika tangi lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake; hewa isipoingia, mvuto unajengeka ndani na mafuta yanagoma kutoka. Muuza mafuta ya taa analijua jambo hili: hutoboa debe matundu mawili, moja la kumiminia na moja la hewa, kwa sababu debe lenye tundu moja hutoa mafuta kwa kukata-kata. Ndivyo injini ya Beryl ilivyopata mafuta dakika zake za mwisho.

Ajali za aina hii hutofautishwa na zile za kuishiwa mafuta. Katika kuishiwa, tangi ni tupu, na kosa huwa katika hesabu au uamuzi wa rubani. Katika ajali ya Beryl mafuta yalikuwepo ila hayakuifikia injini. Sababu nyingine za namna hiyo ni maji ndani ya mafuta, chujio lililoziba, au rubani kuacha swichi kwenye tangi lililokauka wakati tangi la pili limejaa.

### Mapokezi

Wavuvi wa eneo hilo walimsaidia. Kesho yake alipelekwa New York kwa ndege nyingine, akapokewa na meya Fiorello La Guardia na umati mkubwa wa watu.

Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1936, wiki mbili baada ya Beryl kutua kinamasini, mwalimu wake Tom Campbell Black aliuawa katika kiwanja cha Speke, Liverpool. Ndege yake ilikuwa chini, ikijiandaa kwa yale mashindano ya Johannesburg, ilipogongwa na ndege ya jeshi la anga iliyokuwa imetua. Rubani huyo, aliyemwokoa Udet na aliyeshinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934 pamoja na C. W. A. Scott, alikufa bila hata kupaa.

## Kitabu na mabishano

Baadaye Beryl aliishi Marekani, hasa California, ambako mwaka 1942 aliolewa mara ya tatu na mwandishi Raoul Schumacher. Mwaka huohuo kilitolewa kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night. Kilisifiwa na wahakiki, lakini vita vilikuwa vimeshika akili za watu na hakikuuzwa sana. Kikasahauliwa kwa miaka 40.

Kilifufuliwa na barua ya zamani. Ernest Hemingway, aliyemfahamu Beryl Afrika, alikuwa amemwandikia mhariri wake mwaka 1942 akikisifu mno kitabu hicho, ingawa mwandishi wake mwenyewe hakumsifu kwa tabia. Barua za Hemingway zilichapishwa 1981, na miaka miwili baadaye kitabu kilitolewa upya, safari hii kikauzwa kwa wingi. Beryl, aliyekuwa akiishi kwa shida jijini Nairobi, alipata kipato katika miaka yake ya mwisho.

Kumekuwa na mabishano kuhusu nani aliandika kitabu hicho. Wengine husema Schumacher aliandika sehemu kubwa au yote. Mary S. Lovell, aliyeandika maisha ya Beryl katika kitabu cha 1987, alishikilia kwamba kazi ni ya Beryl na kwamba mumewe alisaidia kuhariri. Errol Trzebinski, katika kitabu cha 1993, alimpa Schumacher nafasi kubwa zaidi. Wasomaji wa Afrika huongeza swali lingine, kwamba kitabu kinaiona nchi kwa macho ya mlowezi: Waafrika wanapendwa na kuheshimiwa ndani yake, lakini dhuluma ya kuchukuliwa ardhi yao haizungumzwi.

## Kurudi Kenya na kifo

Baada ya ndoa ya tatu kuvunjika alirudi Kenya na kufundisha farasi tena. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wafundishaji wenye mafanikio makubwa zaidi nchini, na farasi wake walishinda mbio za Derby ya Kenya mara kadhaa. Mwanawe Gervase alikufa mwaka 1971. Beryl alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 ya safari yake.

## Mafunzo kwa marubani wa ndege ndogo

Kisa cha Markham kinaonyesha mambo ambayo rubani binafsi hufundishwa hadi leo.

La kwanza ni hesabu ya muda badala ya umbali. Injini hutumia mafuta kwa saa, na upepo wa mbisho hurefusha saa bila kurefusha njia. Tuseme ndege yenye mwendo wa kilomita 180 kwa saa inatumia lita 35 kwa saa na inakwenda kilomita 360. Hewa ikiwa tulivu itatumia saa 2 na lita 70. Ikikutana na upepo wa mbisho wa kilomita 30 kwa saa, itatumia saa 2 na dakika 24, na lita 84. Rubani aliyejaza lita 75 kwa kuangalia ramani tu hatafika.

La pili ni akiba. Kanuni za kimataifa kwa safari za kuona kwa macho hudai mafuta ya kumfikisha rubani mwisho wa safari na kubaki na ya dakika 30 zaidi mchana, au dakika 45 usiku. Beryl alipanga akiba yake kwa kujaza matangi mengi. Leo akiba hiyo ni sharti.

La tatu ni ukaguzi kabla ya kupaa: kupima mafuta kwa kijiti ndani ya tangi bila kutegemea kipimo cha dashibodi pekee, kutoa mafuta kidogo chini ya tangi ili kuona kama yana maji, na kuhakikisha matundu ya hewa yako wazi. Katika nchi za joto adui wa tundu la hewa si barafu bali vumbi, matope na wadudu wanaojenga viota humo ndege ikikaa muda mrefu bila kuruka.

La nne ni uzito. Katika nyanda za juu, kama Nairobi au Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hasa mchana wa jua kali. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae na hupanda polepole. Kwa hiyo rubani hawezi kujaza matangi na abiria pamoja kwa kuamini kwamba mafuta mengi ni usalama tu. Wakati mwingine lazima apunguze mzigo, aondoke asubuhi na mapema, au apange kituo cha kujaza njiani.

## Kumbukumbu

Kreta moja kwenye sayari ya Zuhura imepewa jina la Markham kwa heshima yake. Maisha yake yalisimuliwa pia katika riwaya ya Paula McLain, Circling the Sun, iliyotolewa mwaka 2015.